Saa Nne, Saa Yetu

Mimoun Berrahou hajui kukaa. Kwa miaka ishirini na miwili ametunza ukumbi wa mikutano ya video wa kitivo chetu hapa Oujda, wenye viti arobaini alivyovikaza skrubu mwenyewe, na sijamwona hata siku moja akikalia kimoja. Husimama mlangoni. Husimama nyuma ya kamera. Huingia chini ya meza kutafuta waya uliolegea, na asipoupata, nadhani hulegeza mmoja ili apate wa kukaza. Wanafunzi walimpa jina la upepo wa mashariki unaotuletea vumbi na maumivu ya kichwa, Shergi. Akipita, wanasema, milango inagonga.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa redio katika kibanda karibu na lango la mji wa kale, Bab Sidi Abdelwahab. Mashine za ukumbi zilipokuja, zimo makashani na vitabu vya maelezo ambavyo hakuna profesa aliyevielewa, mkuu wa kitivo wa wakati ule alimtuma mtu amwite. Akazifungua, akazitandaza sakafuni kama mchinjaji anavyopanga nyama, akazifunga tena. Siku ya nne uso wa mhadhiri wa Montreal ukatokea ukutani, mpana kama mlango wa msikiti. Nyuma yake palikuwa na dirisha, na dirishani giza na theluji. Sisi tulipiga makofi. Mimoun alikuwa na swali, akaliuliza kwa sauti, mbele ya mkuu:

"Kwenu saa hizi ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi," mhadhiri alijibu akicheka. "Mke wangu bado amelala."

Kwetu ilikuwa saa tano, jua limetuwakia vichwani. Jambo hilo lilimwingia Mimoun mahali ambapo halikutoka tena. Tangu siku ile, kila aliyetokea kwenye skrini ile, awe wa Dakar, wa Beirut, wa Kuala Lumpur, aliulizwa saa kabla ya kuulizwa hali. Mimoun alizijua saa za miji kama vijana wanavyojua magoli. "Usimwombe mtu wa Kuala Lumpur kikao cha alasiri," aliwaambia wahadhiri, "utamkuta na nguo za kulalia." Naam, huyo ndiye mtu ninayetaka kusimulia siku aliyokosea saa, tena ya mji ulio karibu kuliko yote.

Lazima kwanza niseme habari ya mkono wake wa kushoto.

Dada yake mkubwa, Zoulikha, aliolewa Maghnia, upande wa Algeria, katika miaka michache ile mpaka ulipokuwa wazi. Kutoka hapa hadi Maghnia ni kilomita ishirini na tano. Mtu alikwenda kula chakula cha mchana kwa dada yake, akarudi kabla ya alasiri, na mkate wa moto chini ya kwapa. Kisha mpaka ukafungwa. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana mvi za kwanza. Mama yao Mimoun na Zoulikha alikufa hapa Oujda, na Zoulikha alimlilia kule. Mara mbili ndugu hao wameonana kwa macho, huko Bayna Lajraf, mahali ambapo barabara mbili zinakaribiana juu ya korongo, watu husimama kila upande, wakapungiana na kupiga kelele. Zoulikha alikuwa mdogo kama kidole. Upepo ulimletea Mimoun neno moja tu alilolisikia sawasawa, nalo lilikuwa "umekonda."

Mwaka mzima, saa ya Oujda na saa ya Maghnia ni moja. Lakini Ramadhani inapoingia, serikali yetu huirudisha saa nyuma, yao huiacha. Kwa mwezi mmoja jua ni lile lile, mawingu ni yale yale, na katikati inapita saa nzima. Mimoun haigusi saa yake ya mkono. Hutembea mwezi wote na saa ya dada yake.

"Mkono wa kushoto wa mume wangu hauna pasipoti," husema mkewe, Rabha, "lakini umevuka."

Jioni huweka simu mezani, imeegemezwa kwenye bakuli la supu ya harira. Adhana ya Maghnia hutangulia, maana jua huzama kwao kwanza, lakini tofauti haifiki hata dakika moja. Zoulikha huisikia adhana yake, hushika tende mkononi, hangoji kingine ila adhana ya ndugu yake. Kisha wote wawili hutia kinywani kwa pamoja. Wamefanya hivyo tangu simu zilipopata macho.

Mwaka huu binti wa pili wa Mimoun, Ihsane, alimaliza tasnifu yake ya uzamivu. Aliandika juu ya maji ya chini ya ardhi ya uwanda wetu wa Angad, yanayopita chini ya mpaka na kwenda kuibuka katika visima vya Maghnia. Kwa somo kama hilo mtahini wa nje alikuwa mmoja tu wa kufaa, Profesa Badra Senouci wa Tlemcen, bingwa wa visima vya upande ule. Kwa gari, Tlemcen si mbali. Kwa njia zilizobaki angelazimika kuruka hadi nchi ya tatu na kugeuka. Basi angekuja kwa ukuta, kwa ukumbi wa Mimoun. Kanuni ni kwamba mtahini aonekane na asikike kikao chote, la sivyo jopo halijatimia na hakuna utetezi.

Siku ilipangwa Jumanne ya wiki ya pili ya Ramadhani, na haikuwa na mwenzake. Mwenyekiti wa jopo, Profesa Laghrissi, alikuwa akiondoka alfajiri ya kesho yake kwenda umra, na asingerudi hadi baada ya Idi. Ofisi ya maji iliyomwahidi Ihsane kazi ilitaka cheti kabla ya Ijumaa. Walikuwa wameshamngoja mara moja, wakasema hawatangoja mara ya pili. Jumanne au basi, ndivyo alivyosema Ihsane, na baba yake akawa analirudia neno hilo korido nzima kama mtu anayehesabu hatua.

Katibu wetu, Bi Hnia, ndiye aliyepaswa kuandika barua ya mwaliko. Mimoun alimzuia.

"Hii niachie mimi, dada. Watu wa upande ule nawajua namna ya kusema nao."

Akaandika barua nzuri, ya heshima, ilikuwa bado Shaabani, saa za pande zote mbili zikiwa moja. Mwishoni akaweka: *Tutakuona Jumanne, saa nne asubuhi, saa yetu.*

Siku hiyo alikuja ukumbini baada ya daku, bila kulala. Alijaribu vipaza sauti kimoja kimoja akivihesabia moja mbili, moja mbili, mpaka mlinzi akamwuliza kama anafundisha watoto. Alihamisha chombo cha maua mara tatu, kisha akakitoa kabisa. Saa tatu kasoro dakika kumi aliweka kiganja juu ya mashine, akaona ina joto. Akaizima. "Ipumzike," alimwambia Bi Hnia. "Ina siku ndefu." Akaenda kukagua jenereta ambalo halikuwa na tatizo, akafuta viti ambavyo havikuwa na vumbi, akawasha mashine tena saa tatu na dakika arobaini.

Watu wakaanza kuingia. Rabha alikuja na maboksi manne ya keki yaliyofungwa kwa uzi, keki za kumeza mate hadi magharibi. Ihsane alivaa suti nyeusi iliyokuwa pana mabegani. Jopo likaketi. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Saa ya ukutani ilisema saa nne.

Skrini ilikuwa buluu, tupu.

Mimoun alipiga Tlemcen. Ikaita, ikanyamaza. Akapiga tena. Dakika tano, dakika kumi. Alikwenda nyuma ya skrini, akatoka upande wa pili, kana kwamba profesa angekuwa amejificha pale. Kila alipopita mbele ya binti yake alimpungia kidole, maana yake subiri.

"Labda wamekatiwa umeme," alisema Profesa Rahmouni, msimamizi wa Ihsane, mtu mpole. Naye alikuwa akipiga simu ya ofisi ya Profesa Badra, iliyokuwa ikiita bila kupokelewa.

"Au wamelala," alisema Laghrissi. "Kule Ramadhani asubuhi huanza adhuhuri."

Watu wakacheka, kicheko kile cha watu wenye njaa, kifupi.

"Hawa jamaa hata saa hawajui," Laghrissi aliendelea, akitazama dari. "Tutaandika kwamba mtahini hakufika. Nasikitika, binti yangu."

Ihsane alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mimoun alitoka mbio hadi kwa Bi Hnia, akamwomba afungue sanduku la barua pepe la ukumbi, ambalo kwa desturi hufunguliwa baada ya adhuhuri. Barua ilikuwepo. *Nilikuwa mbele ya skrini saa nne kamili, saa yetu, kama mlivyoandika. Nimengoja dakika thelathini na tano. Saa sita nasafiri kwenda Oran. Nasikitika kwa ajili ya binti. B. Senouci.*

Bi Hnia ananiambia kwamba hapo Mimoun alisimama. Si kusimama kwa kuacha kukaa. Alisimama kama kitu kilichozimwa. Aliutazama mkono wake wa kushoto, ulisema saa tano na dakika ishirini na mbili. Akatazama ukuta, ulisema saa nne na dakika ishirini na mbili.

"Saa yetu," alisema.

Bi Hnia ni mwanamke mwerevu, ameona wakuu sita wa kitivo wakija na kuondoka. "Mwambie mwenyekiti mtandao umekatika," alimnong'oneza. "Hukatika kila wiki. Nani atapima?"

Lilikuwa neno jepesi. Lingemwokoa Mimoun, na Ihsane lisingemfaa kitu. Sijui kama alilipima. Najua tu kwamba alirudi ukumbini, akapita katikati ya viti badala ya pembeni anakopita siku zote, akasimama mbele ya jopo na mikono nyuma.

"Mwenyekiti, mtahini hakukosekana. Alikuwepo saa tatu. Mashine ndiyo haikuwepo. Niliizima mimi."

"Saa tatu?" Laghrissi alivua miwani. "Kikao ni saa nne."

"Saa nne yao ni saa tatu yetu tangu tuliporudisha saa. Wao hawakukosea chochote, sisi ndio tuliohama. Na barua niliandika mimi. Niliandika saa yetu."

"Yetu ya nani?"

"Hapo ndipo nilipokosea," alisema.

Wote tulijua juu ya ile saa ya mkono, tuliitania kila Ramadhani. Ihsane alimtazama baba yake, na sikuweza kuusoma uso wake, ulikuwa kama maji ya kisimani mtu anapoinama akakuta ni giza tu.

"Baba," alisema.

Laghrissi alivaa miwani tena. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa kanuni, na alikuwa na begi la umra halijafungwa. "Nakupa hadi saa tano," alisema. Kisha akanyoosha kidole. "Saa tano ya ukuta huu, Bwana Mimoun. Si ya mkono wako."

Saa tano ya ukuta ndiyo saa sita ya Tlemcen. Profesa angekuwa anapanda gari.

Mimoun alijibu barua pepe, hakuna kitu. Akajaribu ile namba ya ofisi, ikaita kwenye chumba kisicho na mtu. Hapo akatoa simu yake na kumpigia dada yake. Alikuwa mlangoni, na kwa wasiwasi aliiwekea sauti ya wazi bila kujua, basi tulisikia sote.

"Mimoun? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, dada. Boucif yuko wapi?"

Boucif ni mtoto wa Zoulikha, ana teksi ya kati ya Maghnia na Tlemcen.

"Yuko hapa, ananirusha kama gunia la viazi. Tuko Tlemcen."

"Tlemcen? Unafanya nini Tlemcen?"

"Natembea. Nimekatazwa kutembea?"

"Nipe Boucif. Haraka."

"Mjomba, habari za mfungo?"

"Boucif, chuo kikuu, kitivo cha sayansi ya ardhi, unakijua?"

"Nusu ya abiria wangu ni wasichana wa pale, mjomba. Nakijua hadi mlango wa nyuma."

"Kuna profesa, mwanamke, Badra Senouci. Anaondoka kwenda Oran saa sita. Mzuie. Bila yeye utetezi wa Ihsane umekufa."

"Nimzuie vipi? Nimfunge kamba?"

Sauti ya Zoulikha ikaingia kwa nguvu: "Wewe endesha! Kuzuia watu niachie mimi."

Simu ikakatika. Sasa palikuwa hapana la kufanya, na hilo ndilo Mimoun hawezi. Alitembea kutoka mlango hadi skrini, kutoka skrini hadi dirisha. Alikaza kipaza sauti cha Laghrissi, akakilegeza. Rabha alimwambia kwa sauti ya chini, "Keti, we mwanamume, unatutia kizunguzungu," naye akasema ndiyo, akaendelea. Nje, uwanja ulikuwa mweupe kwa jua, na paka wa kitivo alikuwa amelala juu ya boneti la gari la mkuu. Nilimwonea wivu paka yule. Nilijiona nami nimeshika ukingo wa kiti. Kuna kungoja kunakofanana na swala, na kuna kungoja kunakofanana na kuwashwa mwilini. Kwetu, siku ile, kulikuwa ni huku kwa pili.

Saa tano kasoro dakika nane simu ya Mimoun ikalia. Boucif. Hakusalimu. "Nitumie huo mlango wa kuingilia, mjomba, amekubali, amekasirika lakini amekubali!"

Mimoun akatuma kiungo. Vidole vyake vilikosea mara mbili. Kisha buluu ya skrini ikapasuka, tukaona dari ya gari, tukaona kidole gumba kikubwa kuliko kichwa cha mtu, tukaona tasbihi ikining'inia kwenye kioo, halafu picha ikatulia. Mwanamke wa miaka sitini hivi, miwani ya jua imepandishwa juu ya nywele, ameketi kiti cha mbele cha teksi.

"Mwenyekiti, salamu alaykum," alisema. "Naomba radhi kwa mahali nilipo. Ofisi yangu ina mafundi wa rangi. Ukumbi wetu nilioupata saa nne sasa una mtihani. Na huyu mama ameketi juu ya begi langu."

"Hatoki nalo!" ikasema sauti kutoka nyuma.

"Ndani ya begi imo tasnifu yenyewe, mama. Naihitaji."

Begi likapita mbele kwa mikono miwili.

"Na Oran?" aliuliza Rahmouni, mpole hata hapo.

"Huyu kijana anasema atanipeleka mwenyewe. Ataendesha, anasema, kama mtu aliyebeba mayai."

Laghrissi alikuwa amekunja uso, akijaribu kutopoteza heshima ya kikao. "Profesa, huyo nyuma yako ni nani? Tuna kanuni."

"Huyu ndiye mwenye nyumba, Mwenyekiti. Mgeni ni mimi."

Mtu fulani alicheka. Kisha Laghrissi mwenyewe akacheka. Kikao cha utetezi ni cha hadhara, alisema, basi mama akae. Bi Hnia akauliza aandike saa ngapi ya kuanza. "Saa tano kasoro dakika nne," alisema Laghrissi, akaongeza, "ya ukuta."

Hapo ndipo nilipomtazama Mimoun, kwa sababu nilitegemea atabasamu. Hakutabasamu. Alikuwa amesimama nyuma ya kamera, ameinamisha kichwa mbele, akiangalia kiti cha nyuma cha teksi.

Zoulikha alikuwa amekaa katikati ya skrini, mkubwa kama alivyo mtu, ukutani kwetu. Kwa simu ndogo ya jikoni, Mimoun huona kidevu chake na dari. Na wiki ile yote, jioni, dada alikuwa amegeuzia simu kwenye sahani ya tende, akisema harira inafurika. Sasa uso wake ulikuwa pale wote, na jicho la kulia lilifunikwa pamba nyeupe na plasta.

Mimoun hakuweza kuuliza. Kikao kikishaanza, sauti yake haimo. Kwa miaka ishirini na miwili amepeleka sauti za wengine, na yake akaiacha mlangoni. Alisimama kwa saa moja na nusu akitazama plasta ile. Ilikuwa mara ya kwanza kuona miguu yake imetulia, lakini mkono wa kulia ulikuwa ukizungusha ile saa ya mkono wa kushoto, unazungusha, unazungusha, hadi ngozi ikawa nyekundu.

Ihsane alianza kwa sauti nyembamba, kisha akajisahau, akawa anasema vizuri. Aliongea juu ya maji yanayoshuka mwaka hata mwaka. Rahmouni akasifu. Laghrissi akauliza maswali mawili ya kuonyesha kwamba amesoma. Kisha ikawa zamu ya teksi.

"Binti," alisema Profesa Badra, akifungua ukurasa alioutilia alama, "vipimo vyako vya upande wetu vingi umevitoa kwenye ripoti zetu. Sawa. Lakini kisima namba kumi na saba, Maghnia, hakimo katika ripoti yoyote. Mimi visima vya Maghnia navijua. Hiki una vipimo vyake vya kila mwezi, miaka mitatu. Nani alikipima?"

Ihsane alitupa jicho kwa baba yake. Tuliona.

"Shangazi yangu, Profesa. Kiko uani kwake."

"Kwa chombo gani?"

"Kwa kamba. Kamba yenye mafundo, fundo kwa kila mita, na jiwe mwishoni."

Laghrissi aliweka kalamu chini taratibu. Rahmouni alifumba macho. Tasnifu ya uzamivu, na kamba ya uani.

"Kamba," alirudia Profesa Badra. "Na ulihakikishaje kwamba shangazi hakuhesabu vibaya? Hujafika. Huwezi kufika."

"Sikuweza kuhakikisha," alisema Ihsane. "Niliandika hivyo katika ukurasa wa mia moja na nne. Niliandika kwamba kipimo hiki nakiamini bila kukiona."

Profesa alifungua kinywa kujibu, lakini nyuma yake kukawa na vurugu, na sura yenye jicho moja ikajitokeza kati ya viti viwili.

"Mafundo ishirini na sita!" alisema Zoulikha. "Mwaka jana ishirini na mbili. Mwaka juzi, siku ya Ashura, ishirini. Nahesabu mara mbili, kushuka na kupanda. Na jirani yangu Khadouj huhesabu akinisikiliza, kwa sababu anadhani nitaiba maji yake!"

"Bi, tafadhali!" alisema Laghrissi. "Hadhara haisemi!"

"Nanyamaza. Lakini ni ishirini na sita."

Profesa Badra alikuwa amegeuka kabisa, tunamwona kisogo. Alimtazama yule mama kwa muda. Kisha akarudi kwenye ukurasa, akapita kidole kwenye safu ya namba.

"Ishirini, ishirini na mbili, ishirini na sita," alisoma. "Ndivyo ilivyoandikwa." Akafunga tasnifu. "Nimetumia miaka thelathini kuomba serikali iniwekee vipimo katika visima vya Maghnia. Nikipata vitatu vinavyofanya kazi, namshukuru Mungu. Sina swali lingine, Mwenyekiti. Ila katika nakala ya mwisho, binti, liandike jina la mpimaji. Lote. Si shangazi tu."

Jopo lilipojadiliana, sote tulitolewa nje, hata Mimoun, na kule Tlemcen Zoulikha na Boucif walitolewa nje ya teksi yao wenyewe. Tuliporudi, Laghrissi alisimama, akasoma kwa sauti ya kimsikiti kwamba Ihsane Berrahou amepewa daraja la uzamivu kwa heshima ya juu kabisa. Rabha akapiga vigelegele. Kabla havijaisha, vingine vikatoka ukutani, vikali, virefu, vya mwanamke aliyezipigia arusi nyingi za upande ule na hajapiga hata kimoja cha upande huu kwa miaka thelathini. Spika zikaanza kulia. Kwa kawaida Mimoun angepunguza sauti, ameshafanya hivyo mara elfu. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe, ukapandisha.

Alipoinua uso kusema neno lake, Profesa alikuwa ameshaangalia saa na kukata. Skrini ikawa buluu. Mimoun akabaki mbele yake, mdomo wazi.

"Nitaandika habari yako kwenye kumbukumbu, Bwana Mimoun," alisema Laghrissi akipita.

"Andika," alisema Mimoun, bila kugeuka.

Nilialikwa futari kwao jioni ile, kwa sababu ya keki. Ihsane aliniambia, akipanga bakuli, kwamba aliiona barua ya mwaliko kabla haijatumwa, akasoma saa yetu, na halikumgutusha. "Nilikulia katika nyumba hii," alisema. "Sikujua kwamba ni kosa."

Simu iliegemezwa mahali pake. Skrini ilionyesha sahani ya tende.

"Geuza simu, dada," alisema Mimoun. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Harira inafurika."

"Geuza."

Tende zikapinduka, dari ikapita, uso ukaja.

"Mtoto wa jicho tu," alisema Zoulikha. "Wamemtoa. Leo walinikagua pale Tlemcen. La kushoto wiki ijayo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungezunguka tu chumbani kama unavyozunguka sasa."

Alikuwa anazunguka, kweli. Adhana ya Maghnia ikaanza kwenye simu, ndogo, ya mbali. Zoulikha akachukua tende, akaishika, hakuila.

"Wiki ijayo siku gani?" Mimoun alikuwa amesimama dirishani, anatazama mashariki ambako hakuonekani kitu ila giza linaloanza. "Nitakuwa nawe kwenye simu. Ukumbi utakuwa mtupu, nitakutia ukutani. Siku gani?"

"Jumatano. Saa nne."

"Saa nne ya nani, dada?"

"Saa nne yetu, mjinga wewe," alisema Zoulikha, na adhana ya Oujda ikaanza.